Dansi ya Kiayalandi kwa mtoto na mzazi: anza na sikio, viatu vitafuata

Binti yangu alikuwa na miaka sita aliporudi kutoka shule, akasimama katikati ya jiko, mikono kaibana mbavuni, akaanza kurukaruka huku akihesabu kwa lugha ambayo sikuijua: a haon, a dó, a trí. Shuleni walikuwa wakijiandaa kwa sikukuu ya Mtakatifu Patrick, Machi 17. Wiki iliyofuata nilikuwa mlangoni pa ukumbi wa parokia nikiulizia nafasi. Leo ni mwaka wa tano. Yeye anacheza kwa viatu vigumu, vile vya kugonga sakafu, na mimi, niliyeanza nikiwa na miaka 41, nacheza seti, dansi ya jozi nne, kila Jumanne usiku.

Wazazi wenzangu wa Kiswahili hapa Dublin huniuliza maswali yale yale, na ndugu zetu walioko Uingereza, Marekani na Kanada huniuliza pia, kwa kuwa shule za dansi hii ziko kote huko. Mtoto aanze na miaka mingapi? Viatu vinanunuliwa wapi? Lazima avae lile wigi la misokoto linaloonekana kwenye mashindano? Mtu mzima anaweza kuanza? Nitajibu yote, lakini kwa utaratibu wangu, maana wengi huanzia dukani na hapo ndipo fedha na hamu vinapoishia. Dansi hii huingia kwa sikio kwanza, halafu mgongo, halafu miguu. Viatu ni vya mwisho.

1. Chagua ni dansi ipi unayoitaka

Jina ni moja lakini ndani yake mna dansi nne, na madarasa yake hayafanani.

Ya kwanza ni ile ya mchezaji mmoja mmoja: kiwiliwili kimetulia, mikono imeshuka, miguu inafanya kazi yote. Hiyo ndiyo ambayo dunia iliiona usiku wa Aprili 30, 1994, pale onyesho la Riverdance lilipochezwa kwa dakika chache tu katikati ya shindano la nyimbo la Eurovision hapa Dublin, wachezaji Jean Butler na Michael Flatley wakiwa mbele. Shule nyingi za watoto hufundisha hii, na nyingi huelekea kwenye mashindano.

Ya pili ni keli. Kwenye matangazo utaona imeandikwa céilí. Hii huchezwa kwa makundi, kwa mipangilio inayojulikana nchi nzima, kama Walls of Limerick na Siege of Ennis. Mtoto wa miaka saba na babu wa miaka sabini huweza kuwa kwenye mstari mmoja.

Ya tatu ni seti: jozi nne zinasimama kama pande nne za mraba. Asili yake ni dansi za kadrili zilizotoka Ufaransa, zikafika huku karne ya 19, wenyeji wakazivalisha muziki wao na hatua zao. Kila eneo lina yake: kuna seti ya Clare, kuna ya Connemara. Mtu mzima anayetaka kutoka jasho, kucheka na kujuana na majirani, mimi humpeleka huku moja kwa moja.

Ya nne ni sean-nós, hutamkwa shan-nos, maana yake mtindo wa kale. Ina mizizi Connemara, magharibi. Miguu haiendi juu, inagonga karibu kabisa na sakafu, mikono iko huru, na mchezaji hubuni papo hapo akifuata mpiga muziki. Waliokulia kwenye ngoma, ambako mchezaji na mpigaji wanajibizana, watajisikia nyumbani hapa kuliko mahali pengine.

Mtoto mdogo apelekwe kwenye ile ya kwanza au keli, maana humo ndimo msingi wa miguu unapojengwa. Miaka minne au mitano inatosha kuanza, ikiwa anaweza kusimama kwenye mstari na kumsikiliza mtu asiye mama yake kwa nusu saa. Akishindwa, msubirini mwaka mmoja. Hatapungukiwa na kitu.

2. Tafuta darasa, kisha uliza maswali haya

Muhula huanza Septemba, wengine hupokea tena Januari. Madarasa mengi hayako kwenye majengo ya kifahari. Yako kwenye kumbi za parokia, kumbi za shule baada ya masomo, na vituo vya jamii. Kwa keli na seti, uliza tawi la Comhaltas Ceoltóirí Éireann lililo karibu nawe. Ni chama kilichoundwa mwaka 1951 kutunza muziki na dansi ya asili, makao yake yako Monkstown, kusini mwa Dublin.

Ukimpata mwalimu wa watoto, usione haya kuuliza. Swali la kwanza: umesomea wapi kufundisha? Ukiona herufi TCRG baada ya jina, ujue amefaulu mtihani wa ualimu wa An Coimisiún le Rincí Gaelacha, chombo kilichoundwa mwaka 1930 kusimamia dansi hii. Viko vyombo vingine vyenye vyeti vyao, na mwalimu wa chombo kingine si mwalimu hafifu. Ila chombo alichomo ndicho huamua mashindano ambayo mtoto wako ataingia, kwa hiyo ni vizuri kujua tangu mwanzo.

Swali la pili ni la usalama. Hapa Ayalandi sheria ya mwaka 2015 inazitaka taasisi zinazohudumia watoto ziwe na tamko la maandishi la ulinzi wa mtoto, na wanaofanya kazi na watoto hukaguliwa kumbukumbu zao na polisi. Omba kuliona hilo tamko. Mwalimu mzuri atakuonyesha lilipobandikwa ukutani bila kukasirika.

Swali la tatu: sakafu ni ya nini? Mbao zilizoinuliwa, zenye kunesa kidogo, ndizo zinazofaa. Zege lililofunikwa kapeti nyembamba litakula magoti na miundi ya mtoto polepole. Hili nalihimiza kuliko yote, maana wazazi hutazama usafi wa ukumbi na kusahau kutazama chini.

Halafu uliza malipo ni kwa darasa au kwa muhula, na kama somo la kwanza ni la kujaribu. Uliza pia: je, kushindana ni lazima? Shule nyingine zina watoto wanaocheza kwa furaha tu miaka yote na kuonekana kwenye gwaride la Machi. Nyingine, mtoto asiyeshindana huachwa nyuma kimyakimya. Jua uko wapi kabla hujalipa.

3. Fundisha sikio kabla ya mguu

Wiki mbili kabla ya darasa la kwanza, weka muziki nyumbani. Accordion, filimbi, fidla, chochote kitakachopatikana kwenye simu. Kuna midundo mikuu minne, na mtoto akiweza kuitofautisha kwa masikio, mwalimu atashangaa.

Rili huenda nne nne, haraka na sawasawa. Mimi nilimfundisha binti yangu kwa neno moja: *pilipili, pilipili, pilipili*. Sema kwa kasi isiyobadilika huku ukipiga meza, hiyo ni rili.

Jigi huenda tatu tatu, makundi mawili: *nazi na ndizi na, nazi na ndizi na*. Uzito uko kwenye "na" ya kwanza ya nazi, na kwenye "ndi". Mtu wa pwani aliyekulia karibu na chakacha ana mdundo wa sita tayari mwilini. Kinachobadilika ni mahali pa kuupeleka: kwetu unakwenda kiunoni, huku unakwenda kwenye vidole vya miguu.

Slipjigi ni tatu tatu tatu, jumla tisa: *nazi na ndizi na mboga na*. Ndio mdundo laini kuliko yote, huchezwa kwa viatu laini, na kwa desturi ni wa wasichana. Mara ya kwanza utahisi kama wimbo una kiungo cha ziada. Usiuhesabu sana, useme tu mpaka ulimi uzoee.

Honpaipu ni nne kama rili, lakini inachechemea: *piili-piili, piili-piili*, silabi ya kwanza ndefu, ya pili fupi. Hii huja baadaye na viatu vigumu.

Mchezo wetu wa garini ulikuwa huu: wimbo ukianza, atakayetaja mdundo kwanza anachagua wimbo unaofuata. Baada ya mwezi binti yangu hakukosea tena, naye alikuwa bado hajajua hatua hata moja vizuri.

4. Darasa la kwanza: mwili unasimamaje

Mvalishe kaptura au taitsi, fulana inayobana kiasi, soksi, na raba nyepesi. Mwalimu anahitaji kuona magoti na visigino, kwa hiyo suruali pana haimsaidii. Kwa familia za Kiislamu, taitsi nzito, fulana ya mikono mirefu na hijabu ya michezo haviingiliani na chochote katika dansi hii. Maji, na kitu cha kufuta jasho, basi. Watoto huku humwita mwalimu kwa jina lake la kwanza. Mimi mpaka leo namwita "mwalimu" na yeye amezoea.

Sasa mkao. Simama, visigino pamoja, kisha geuza nyayo zielekee nje. Mgeuko uanzie nyongani, si kwenye magoti. Ukihisi goti linavutwa, rudisha nyayo ndani kidogo. Vusha mguu wa kulia mbele ya wa kushoto mpaka goti la nyuma lifichike nyuma ya la mbele. Vidole vya mguu wa mbele vimenyooka. Mabega yashuke, kifua kiwe wazi, macho mbele kana kwamba unamtazama mtu aliye mwisho wa ukumbi. Mikono inyooke chini, viganja vimefumbwa kwa ulegevu, nyuma kidogo ya mshono wa suruali.

Kwa nini mikono haisogei? Utasikia hadithi nyingi: makasisi walikataza, nyumba zilikuwa finyu, wachezaji walificha dansi wasionekane dirishani. Hakuna iliyothibitika. Ninachojua kwa mwili wangu ni kwamba mikono ikitulia, jicho la mtazamaji linashuka kwenye miguu, na huko ndiko wimbo unakoandikwa.

Kwa sisi tuliolelewa kwenye ngoma za mabega na viuno, hapa ndipo penye kazi. Bega langu lilijibu kila mdundo kwa miezi mitatu. Kilichonisaidia ni kushika khanga iliyokunjwa kwa mikono miwili nyuma ya mgongo nikifanya mazoezi. Mikono ikipata kazi ya kushika, bega linanyamaza. Mwambie na mtoto afanye hivyo.

5. Hatua mbili zinazobeba zote

Nitaeleza mbili tu, kwa sababu mwaka wa kwanza wote hujengwa juu yake.

*Tatu.* Anza mguu wa kulia ukiwa mbele. Ruka kidogo kwa mguu wa kushoto huku ukiinua wa kulia. Teremsha wa kulia mbele (moja), lete vidole vya kushoto nyuma ya kisigino cha kulia (mbili), kanyaga tena kulia (tatu). Sasa ni zamu ya upande wa pili: ruka kwa kulia, kushoto mbele, kulia nyuma, kushoto. Kwa mdomo: *ruka, moja-mbili-tatu, ruka, moja-mbili-tatu*. Uko juu ya vidole muda wote. Kisigino kikigusa chini kwa sauti, umechoka, pumzika.

*Saba.* Hii inakwenda pembeni. Mguu wa kulia uko mbele na utabaki mbele, wa kushoto uko nyuma na utabaki nyuma. Jirushe kidogo, kisha kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia: saba, ukisogea kuelekea kulia. Hatua ziwe ndogo. Kosa la kila mtu ni kufungua miguu kama anayekimbia ubavu kama kaa. Hapana. Mapaja yabaki yamegusana, na kazi ifanywe na vidole. Ukimaliza saba, fanya tatu mbili fupi ukiwa palepale, halafu badilisha mguu wa mbele na kurudi kushoto.

Ukiziweza hizo mbili, unaweza kwenda keli wikendi hiyo hiyo. Ndiyo maana naziheshimu.

Kuna jambo jingine la kuelewa mapema. Kila kipande cha dansi hufundishwa kwa mguu wa kulia, kisha chote hurudiwa kwa mguu wa kushoto. Watoto hupenda kulia na kukwepa kushoto. Husimuliwa kwamba walimu waliozunguka vijijini karne ya 18, wakifundisha wasiojua kulia wala kushoto, walimfunga mwanafunzi majani makavu mguu mmoja na bua la ngano mguu wa pili, wakawa wanaita majina ya majani. Mimi nilifunga utepe mwekundu kwenye raba ya kulia. Ulikaa wiki tatu, haukuhitajika tena.

6. Viatu

Subiri wiki sita hadi nane. Mtoto akiwa bado anauliza "leo ni siku ya dansi?", nunua.

Vya kwanza ni laini, vya ngozi nyeusi, vyenye kamba ndefu inayopishana juu ya mguu, kupita chini ya unyayo na kufungwa kifundoni. Hapa huitwa pampu. Wavulana huvaa vya aina nyingine, vyenye kisigino kinachotoa sauti. Pampu zinatakiwa kubana kama soksi, kwa sababu ngozi itatanuka. Vidole vilale bapa, visijikunje, lakini pasibaki nafasi mbele. Usinunue kikubwa "ili akue nacho". Nilifanya hivyo, duka likanihakikishia ni sawa, na mtoto akatoka malengelenge pande zote mbili. Vilivyotumika vinafaa sana. Uliza wazazi wa darasa la juu, wana mifuko yake.

Viatu vigumu vina ncha na visigino vya faiba, na ndivyo vinavyotoa ile sauti ya kugonga. Vinakuja kwa ruhusa ya mwalimu, mara nyingi baada ya mwaka au zaidi. Mtoto atavililia mapema. Mkatalie kwa upole: kifundo cha mguu kisichokomaa ndani ya kiatu kizito ni jeraha linalosubiri siku yake.

7. Mazoezi ya nyumbani

Dakika kumi kila siku zinashinda saa moja ya Jumapili. Dakika mbili za kupasha mwili moto, mbili za kuinuka juu ya vidole na kushuka taratibu, nne za hatua za wiki hiyo kwa kulia na kushoto, na mbili za mwisho acheze atakavyo bila kusahihishwa. Hizo mbili za mwisho usiziibe.

Asiruke juu ya vigae wala zege. Zamani, nyumba za Ayalandi zilipokuwa na sakafu ya udongo, waling'oa mlango kwenye bawaba zake, wakaulaza chini, mchezaji akapanda juu yake apate mbao za kugonga. Fanya kama wao: kipande cha plaiwudi nene juu ya mkeka wa mpira. Wanaokaa ghorofani wafanye kabla ya saa moja jioni, na majirani waambiwe mapema. Sisi tulimpelekea jirani wa chini mandazi siku tuliyoleta ubao, tukamwambia saa zetu. Hajawahi kulalamika.

Mtoto wa miaka kati ya 8 na 14 anayekua haraka akilalamika maumivu nyuma ya kisigino, au mtu yeyote akiumwa mfupa wa muundi hata akiwa amepumzika, acheni kuruka na mwende kwa mtaalamu wa viungo. Kumpaka dawa ya kuchua na kumrudisha ukumbini ni kumwongezea.

8. Ngazi, na feshi ya kwanza

Mashindano huitwa feshi, huandikwa feis. Chini ya Coimisiún hapa Ayalandi, ngazi huanza na Bungrád, halafu Túsgrád, Meángrád, na kupanda hadi ya juu ya wazi. Marekani na Kanada majina ni mengine na ngazi ni nyingi zaidi, lakini mantiki ni moja: unapanda kwa kushinda, na unapanda kwa kila dansi peke yake. Mtoto anaweza kuwa juu kwenye rili na chini kwenye jigi. Asiyependa kushindana anaweza kufanya mitihani ya daraja, 12 kwa jumla, ambapo anapimwa yeye na kazi yake tu.

Siku ya feshi, fika saa nzima mapema. Mtoto hupewa namba, huifunga kiunoni, husubiri kwenye mstari. Hupanda jukwaani wawili au watatu kwa pamoja, kila mmoja akicheza dansi yake, kwa hiyo mfundishe nyumbani kucheza huku mtu mwingine akimpita mbele. Mpiga muziki hupiga vipimo vinane vya wimbo kwanza. Mtoto anasubiri, ananyoosha mguu mbele, ndipo anaanza. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuondoka kabla. Hatua ya kulia, ya kushoto, mara mbili, imekwisha. Kisha hugeuka, huinama kwa jaji na kwa mpiga muziki. Akisahau katikati, aendelee kufanya *tatu* mpaka akumbuke. Jaji huona mtu anayeendelea.

Beba chakula chako, maji, soksi za ziada, na subira ya siku nzima kwa dakika mbili za jukwaani. Gauni la kwanza ni la shule au hata sketi na blauzi ya kawaida. Yale magauni ya kumetameta, yanayogharimu fedha nyingi sana, ni ya ngazi za juu. Watoto wadogo wa ngazi za mwanzo hawaruhusiwi hata vipodozi.

Na nywele. Nalisema kwa urefu kwa sababu ndilo swali ambalo mama wa Kiafrika huliuliza kwa sauti ya chini. Lile wigi la misokoto lilianza kama njia ya kupumzika kusokota nywele zilizonyooka usiku kucha kwa vitambaa. Ni desturi ya jukwaa. Binti yangu alishindana kwanza akiwa na mafundo mawili ya nywele zake mwenyewe, yakidunda kwa kila ruko, na nilipomuuliza mwalimu kabla, jibu lake lilikuwa kwamba nywele ziwe nadhifu na zisimfunike uso. Msuke, mfunge, mfanyie afro puff, lakini umuulize mwalimu mwezi mmoja kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Kuhusu rangi ya kahawia ambayo wasichana wengine hujipaka miguuni pamoja na soksi nyeupe, ngozi yetu haiihitaji, na mtoto aelezwe hivyo mapema asije akajiona amekosa kitu. Mwaka 2020 Mmarekani mweusi, Morgan Bullock kutoka Virginia, alirekodi hatua zake ngumu juu ya muziki wa kisasa, mamilioni wakamwona, na Riverdance wakamwalika. Mwonyeshe mtoto video hiyo kabla ya feshi ya kwanza.

9. Na wewe, mama au baba uliyekaa kwenye kiti cha plastiki

Miaka miwili nilikaa pembeni ya ukumbi nikishika koti la mtoto. Siku moja mwanamke mmoja wa makamo, mwenyeji wa hapa, aliniambia wanakosa mtu wa nane kwenye seti. Nilisimama kwa sababu nisingesimama wasingecheza.

Kwa mtu mzima, wiki sita za kwanza kanyaga, usiruke. Hatua zote zinaweza kuchezwa bila kuacha sakafu, na kano ya kisigino cha mtu wa miaka arobaini inahitaji muda huo. Jioni, ukiwa unasubiri ugali uive, inuka juu ya vidole mara 15, pumzika, rudia. Ukitaka ile ya mchezaji mmoja mmoja, ulizia darasa la watu wazima wanaoanza, usichanganywe na vijana wa miaka 14 wanaoruka tangu utotoni. Yapo, na hata kwenye feshi kuna makundi ya watu wazima.

Kwenye seti mpangilio una vipande kadhaa, na kati ya kipande na kipande kuna pumziko fupi. Kuna mtu anayeita hatua, hivyo huhitaji kukariri. Sikiliza, mtazame aliye mkabala nawe, na ukipotea simama mahali pako, wenzako watarudi kukuchukua. Mshike mwenzako kwa uthabiti unapozunguka, maana mzunguko hubebwa na mikono ya wawili. Anayetaka kuheshimu mipaka yake ya dini au ya nyumbani anaweza kucheza na mwanamke mwenzake. Kwenye keli zetu wanawake hucheza pamoja kila wiki na hakuna anayegeuka kutazama.

Mwaka 1935 ilipitishwa sheria hapa iliyotaka dansi za hadhara ziwe na leseni, na zile za majumbani na za njia panda, ambako majirani walikutana jioni za kiangazi, zikafifia. Wazee wa darasa letu hulizungumza hilo kama msiba wa ukoo. Ndiyo maana wanapokuona mgeni mlangoni wanafurahi hivyo: wanahitaji watu wanane, nao wanahesabu saba.

Madarasa mengi hufungwa Juni. Kama umepata hamu, Julai kuna wiki ya muziki na dansi iitwayo kwa jina la mwanamuziki Willie Clancy huko Miltown Malbay, County Clare, iliyoanza mwaka 1973, yenye mafunzo ya seti mchana na keli usiku. Tafuta chumba mapema, mji ni mdogo na hujaa. Vaa viatu vyenye soli ya ngozi inayoteleza, vya kawaida tu vya kazini vinafaa, na ubebe fulana tatu kwa kila siku, kwa sababu utazilowesha zote.